CCR5, mlango wa VVU: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

CCR5 ni kitu gani hasa?

Ni kipokezi, yaani protini ya kunasa ishara, iliyopita kwenye utando wa baadhi ya seli za kinga, hasa seli T zenye kumbukumbu na makrofaji (seli zinazomeza vimelea). Ina asidi amino 352, na uzi wake hupenya utando mara saba kama uzi wa fundi cherehani: ncha moja inabaki nje ya seli, nyingine ndani. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 3.

Kazi yake ya kila siku ni kunusa. Tishu ikijeruhiwa au ikivamiwa na vimelea hutoa protini ndogo ziitwazo kemokini. Zile ambazo CCR5 huzishika zaidi ni tatu: CCL3, CCL4 na CCL5 (vitabu vya zamani huiita hii ya mwisho RANTES). Kipokezi kikishashika, seli huanza kutambaa kuelekea kule kemokini zinakozidi. Binadamu ana kemokini kama 50 lakini vipokezi kama 20 tu, kwa hiyo kemokini moja hufungua vipokezi kadhaa, na kipokezi kimoja hupokea kemokini kadhaa. Ishike hesabu hiyo, kwa sababu ni mojawapo ya zilizoziangusha baadhi ya dawa zinazotajwa hapa chini.

VVU vinakitumiaje kipokezi hiki?

Kirusi hakiingii kwa kushika CD4, protini nyingine ya juu ya seli za kinga, peke yake. Kwanza protini yake ya nje, gp120, hujishikiza kwenye CD4. Hapo hubadilika umbo na kukitoa kitanzi kiitwacho V3, chenye asidi amino kama 35. Kitanzi hicho ndicho kinachoshika CCR5. Baada ya hapo gp41, protini mwenza wa gp120, huchoma utando wa seli kama chusa, hujikunja, na kuzivuta tando mbili hadi zikaungana.

Mwishoni mwa 1995 maabara ya Robert Gallo ilionyesha kwamba zile kemokini tatu huzuia VVU kwenye seli. Mwaka 1996 kikatambuliwa kwanza kipokezi kingine cha kemokini, CXCR4, kisha katika kipindi kifupi sana vikundi vitano vikachapisha ushahidi kwamba CCR5 ndicho mlango mkuu. Virusi vinavyotumia CCR5 huitwa R5, vya CXCR4 huitwa X4, na vipo vinavyotumia vyote viwili.

Maambukizi mapya karibu yote ni ya R5, iwe yamepitia ngono au damu. X4 hujitokeza baadaye kwa baadhi ya wagonjwa, na mara nyingi seli zenye CD4 hushuka kasi zaidi. Kwa Afrika Mashariki kuna jambo la kuzingatia: aina ndogo ya VVU iitwayo D, iliyoenea Uganda na kwa kiasi fulani kwa majirani zake, hutumia CXCR4 mara nyingi zaidi kuliko A au C. Utafiti wa Rakai, Uganda, ulionyesha pia kwamba wenye aina D huugua mapema kuliko wenye aina A.

Ni kweli kuna watu ambao VVU haviwaingii?

Wapo, ingawa neno "haviwaingii" linahitaji breki. Kuna badiliko la jeni liitwalo delta 32: herufi 32 za DNA zimedondoka, protini inakatika njiani na haifiki juu ya seli. Aliyerithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, hana mlango wa R5. X4 inaweza bado kumwingia, na visa vichache vya namna hiyo vimeripotiwa. Mwenye nakala moja huambukizwa kama kawaida, ila ugonjwa bila dawa huenda polepole zaidi, kwa wastani wa miaka miwili au mitatu.

Kwa watu wenye asili ya Ulaya, nakala hii hupatikana kwa kiwango cha kama asilimia 10, zaidi kaskazini kuliko pwani ya Mediteranea. Wenye nakala mbili ni kama asilimia 1. Kwa Waafrika wasio na asili ya Ulaya karibu haipo kabisa. Kwa hiyo anayejisifu kijiweni kwamba "damu yangu haishiki" hana msingi wa kutumia delta 32 kama ushahidi.

Sisi tuna badiliko letu katika ukoo huohuo wa protini. Chembe nyekundu za Waafrika wengi hazina protini ya Duffy, ambayo nayo hushika kemokini. Vimelea vya malaria aina ya Plasmodium vivax huitumia kuingilia, na ndiyo sababu kubwa ya vivax kuwa adimu katika sehemu nyingi za Afrika wakati falciparum imejaa tele. Badiliko lenyewe ni herufi moja kwenye kizibiti cha jeni, sehemu inayowasha jeni hiyo ndani ya chembe nyekundu tu.

Kukosa CCR5 hakuna madhara?

Wenye nakala mbili za delta 32 huishi maisha ya kawaida, na hilo ndilo lililowapa watengeneza dawa moyo. Lakini si bure kabisa. Wakiambukizwa virusi vya West Nile, wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata dalili, kwa sababu seli za kinga hutegemea CCR5 kufika kwenye ubongo na kupambana. Virusi hivyo viligunduliwa mwaka 1937 katika wilaya ya West Nile, Uganda, wala si wageni kwetu.

Waliopona UKIMWI kwa kupandikizwa uboho walifanyiwa nini? Kwa nini tusipandikizwe wote?

Timothy Ray Brown alikuwa na VVU na saratani ya damu. Mwaka 2007 huko Berlin daktari Gero Hütter alimtafutia mtoaji anayelingana naye kwa tishu, lakini akachagua mwenye nakala mbili za delta 32. Saratani ilirudi, akapandikizwa tena 2008. VVU havikuonekana tena hadi alipofariki mwaka 2020, na kilichomuua ni saratani. Adam Castillejo wa London alifuata, taarifa yake ikitolewa 2019, kisha wengine wachache.

Sababu za kutowapandikiza wote si za gharama tu. Kabla ya kupandikizwa, uboho wa mgonjwa huuawa kwa dawa kali au mionzi. Baadaye seli za mtoaji zinaweza kuushambulia mwili wa mpokeaji: ngozi, utumbo, ini. Watu hufa kwa hatua hizi. Mtu anayemeza kidonge kimoja kwa siku na kiwango cha virusi hakionekani hana sababu ya kuingia kwenye hatari hiyo. Wote waliofanyiwa walikuwa na saratani ambayo ingewaua kwanza.

Pia delta 32 si hirizi. Mgonjwa mmoja wa Ujerumani alipata uboho wa aina hiyo, virusi vikarudi kwa mlango wa CXCR4. Kwa upande mwingine, mgonjwa wa Geneva aliyetangazwa 2023 alipata uboho wenye CCR5 ya kawaida na virusi havikurudi. Inaonekana seli za mtoaji kuzifagia seli za zamani za mgonjwa ni kazi kubwa sawa na kufunga mlango, pengine zaidi.

Dawa ya CCR5 ilipatikanaje?

Maraviroc ilitengenezwa na Pfizer katika maabara za Sandwich, Uingereza. Walianza kwa kupima kama nusu milioni ya viambata kuona kipi kinaizuia kemokini isishike CCR5. Kilichojitokeza kilikuwa kibaya kwa vigezo vyote: kilishika kipokezi, lakini hakikuzuia virusi, na kiliziba kimeng'enya cha ini CYP2D6.

Wanakemia wakaunda karibu viambata 1000 vya ukoo huo, kipande kwa kipande. Tatizo gumu zaidi halikuwa virusi bali moyo. Viambata vingi vilivyoshika CCR5 vizuri viliziba pia njia ya potasiamu iitwayo hERG, na hiyo ikizibwa mapigo ya moyo huvurugika na mtu anaweza kuanguka ghafla. Walilikwepa kwa kuweka pete yenye atomu mbili za florini upande mmoja na pete ya triazoli upande mwingine: CCR5 ikaendelea kushikwa, hERG ikaachwa. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Agosti 2007 kwa jina Selzentry. Ulaya inaitwa Celsentri.

Inafungaje mlango?

Watu wengi hudhani inakaa pale pale kirusi kinaposhika, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake. Sivyo. Picha ya umbo la CCR5 ikiwa na maraviroc, iliyochapishwa 2013 na kundi la Beili Wu huko Shanghai, inaonyesha dawa imezama katikati ya zile nguzo saba, naitrojeni yake yenye chaji chanya ikishikana na asidi ya glutamiki namba 283. Kutoka huko chini inakigandisha kipokezi katika umbo la kupumzika. Kirusi kikija juu hakiikuti sura kinayoijua. Ni sawa na kukaza bawaba badala ya kuziba tundu la ufunguo.

Kwa nini kliniki ya CTC hawaitumii?

Kwa sababu hawaihitaji. Mchanganyiko wa tenofovir, lamivudine na dolutegravir ni kidonge kimoja kwa siku na hauulizi kirusi kinapita mlango gani. Maraviroc humezwa mara mbili kwa siku, inahitaji kipimo cha awali, na dozi yake hubadilika kulingana na dawa nyingine:

- 300 mg mara mbili kwa siku, ikiwa hakuna dawa inayogusa sana CYP3A4, kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa. Dolutegravir na nevirapine ziko kundi hili.
- 150 mg mara mbili, ikitumika na vizuizi vikali vya CYP3A4, kama lopinavir au atazanavir zenye ritonavir.
- 600 mg mara mbili, ikitumika na vichochezi vikali kama efavirenz au rifampicin bila kizuizi kikali.

Hiyo ya tatu ndiyo inayosumbua kwetu, maana mgonjwa wa TB huwa kwenye rifampicin. Ukimwachia dozi ya 300, dawa inaisha mwilini mapema na usugu unakaribishwa. Mwenye figo zinazochuja chini ya mililita 30 kwa dakika asipewe maraviroc pamoja na vizuizi au vichochezi hivyo vikali. Angalia pia ini, na shinikizo la damu linaloshuka mtu anaposimama ghafla.

Nafasi yake leo ni ndogo: mgonjwa mwenye virusi sugu kwa makundi mengi ya dawa, ambaye kipimo kimeonyesha ana R5 tu.

Kipimo hicho kinafanywaje, na kinakosea wapi?

Njia ya kwanza ni ya seli. Jeni ya bahasha ya virusi vya mgonjwa hupandikizwa kwenye virusi bandia, kisha vinajaribiwa kwenye seli zenye CD4 na CCR5, na nyingine zenye CD4 na CXCR4. Kipimo cha Trofile hufanya hivyo, na hutaka kiwango cha virusi kisipungue nakala 1000 kwa mililita. Toleo lake la kwanza liliona X4 ikiwa imefika kama asilimia 10 ya virusi vyote. Lililofuata huona hata asilimia 0.3, na tofauti hiyo ilikuwa na maana: X4 chache zilizojificha ndizo zilizokuwa zikiangusha tiba.

Njia ya pili ni kusoma mfuatano wa V3 na kuuingiza kwenye programu kama geno2pheno. Ni nafuu zaidi. Mwongozo wa Ulaya unataka V3 isomwe mara tatu kutoka sampuli ileile na kikomo cha asilimia 10, yaani uwezekano wa programu kuita R5 kuwa X4 kimakosa. Ikisomwa mara moja tu, kikomo kinapandishwa hadi asilimia 20. Kanuni ya haraka ya kuangalia kwa macho: asidi amino yenye chaji chanya kwenye nafasi ya 11 au 25 ya V3 inaashiria X4. Ni kanuni ya kukushtua tu, usiitegemee kuandika dawa.

Makosa ya kawaida ni matatu. Kiwango cha virusi kikiwa chini, unakuza nakala chache tu na unadhani umeona kundi zima. Kipimo kikifanywa miezi mingi kabla ya dawa, virusi vinakuwa vimeshabadilika. Na programu hizi zilifunzwa zaidi kwa aina ndogo B ya Ulaya na Marekani, kwa hiyo kwa aina D majibu yake yasomwe kwa tahadhari.

Virusi vinakuwaje sugu kwa maraviroc?

Kwa njia mbili tofauti kabisa. Inayotokea zaidi si usugu kwa maana halisi: X4 zilizokuwepo tangu mwanzo zinabaki peke yao shambani baada ya R5 kufyekwa. Ya pili ni kirusi kujifunza kushika CCR5 hata dawa ikiwa imo ndani. Maabara utaitambua kwa mchoro: ukiongeza dawa kuzuia kunapanda, kisha kunagota kabla ya asilimia 100, na kuongeza dawa zaidi hakusaidii kitu, kwa sababu kipokezi chenye dawa nacho kimeshakuwa mlango.

Dawa nyingine za CCR5 ziliishia wapi?

TAK-779 ya Takeda ilitangulia mwaka 1999, lakini haikunyweka na sehemu ya sindano ilileta shida. Aplaviroc ya GlaxoSmithKline ilisimamishwa 2005 baada ya kuumiza maini ya wagonjwa. Vicriviroc ilifika awamu ya tatu, ikaachwa 2010 kwa kutozidi dawa zilizokuwepo. Leronlimab ni kingamwili, si kidonge, na haijaidhinishwa. Wakati wa COVID-19 ilivumishwa sana, hadi mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa taarifa mwaka 2021 kwamba data hazikuonyesha manufaa.

Kama CCR5 huita seli kwenye uvimbe, kwa nini dawa hizi hazitibu baridi yabisi au ini lenye mafuta?

Zilijaribiwa. Maraviroc kwa baridi yabisi haikufua dafu. Cenicriviroc, inayofunga CCR2 na CCR5 kwa pamoja, ilijaribiwa kupunguza makovu ya ini. Awamu ya pili ilitia moyo, kisha jaribio la awamu ya tatu, AURORA, likasimamishwa mapema kwa kukosa manufaa.

Hapa ndipo ile hesabu ya kemokini 50 na vipokezi 20 inapodai deni lake. R5 ina mlango mmoja: ufunge, imekwama nje. Seli nyeupe inayoelekea kwenye kiungo kilichovimba ina CCR1, CCR2, CCR5 na vingine, na ukifunga kimoja inapita kingine. Sababu ya pili ni kwamba kipokezi lazima kizibwe karibu chote, saa 24, kwenye tishu na si kwenye damu tu. Ya tatu ni panya: viambata vingi vilivyoundwa kwa CCR5 ya binadamu hushika vibaya ile ya panya, kwa hiyo jaribio la mnyama linaweza kukudanganya upande wowote. Na ya nne, wagonjwa wa majaribio haya huwa wameugua miaka mingi, seli zimeshafika. Kumzuia mgeni mlangoni hakumtoi aliyekwisha kaa sebuleni.

Eneo lililoonyesha mwanga ni kuzuia seli za uboho uliopandikizwa zisishambulie mwili. Utafiti wa wagonjwa 38 uliochapishwa 2012 uliona mashambulizi machache ya ini na utumbo kwa waliopewa maraviroc, lakini jaribio kubwa lililofuata halikuipa ushindi.

Nasikia inasaidia kiharusi na kumbukumbu.

Kwa panya, kupunguza CCR5 kwenye ubongo kumeboresha kujifunza na kurejea kwa mwendo baada ya kiharusi. Utafiti wa 2019 uliona pia kwamba wagonjwa wa kiharusi wenye delta 32 walipata nafuu zaidi. Ni wazo zuri linaloendelea kupimwa kwa binadamu. Kwa sasa mgonjwa wa kiharusi anahitaji dawa za presha na mazoezi ya viungo, si maraviroc.

Na wale watoto wa China waliohaririwa jeni?

Novemba 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha ambao CCR5 yao ilikatwa kwa CRISPR, mkasi wa kukata jeni, wakiwa viinitete. Mabadiliko yaliyotokea hayakuwa delta 32 yenyewe bali mapya ambayo hakuna aliyewahi kuyapima, na yalionekana kutolingana kati ya seli na seli. Zaidi ya hayo, hakukuwa na haja: baba mwenye VVU anaweza kupata mtoto asiye na virusi kwa kusafishwa mbegu na kwa kutumia ARV. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu mwaka 2019.

Kuhariri seli za mtu mzima nje ya mwili na kumrudishia ni jambo jingine. Jaribio la wagonjwa 12 lililochapishwa 2014 lilifanya hivyo kwa vimeng'enya vya vidole vya zinki, ambavyo navyo hukata DNA. Dawa ziliposimamishwa kwa muda, seli zilizohaririwa zilipungua polepole kuliko zisizohaririwa. Shida ni kwamba seli zilizohaririwa zilikuwa chache kati ya nyingi.

Nina kiambata kutoka mmea. Nitajuaje kama kweli kinafunga CCR5?

Anza na seli za TZM-bl, zenye CD4, CCR5 na CXCR4, ambazo hutoa mwanga kirusi kikiingia. Weka seli 10,000 kwa kila kishimo cha sahani ya vishimo 96. Punguza kiambata mara tatu tatu kwa hatua nane, DMSO (kiyeyushi cha kiambata) isizidi asilimia 0.5, tangulia na kiambata kwa saa moja, kisha ongeza virusi. Soma mwanga baada ya saa 48. Tumia virusi viwili sambamba: BaL, ambacho ni R5, na NL4-3, ambacho ni X4. Maraviroc iwe kipimo cha kulinganisha.

Kama kiambata chako kinazuia BaL na kuiacha NL4-3, una jambo. Kama kinazuia vyote, kwanza kipime sumu. Dondoo ghafi za mimea mara nyingi huua seli, na seli iliyokufa haitoi mwanga, nawe unashangilia. Tanini nazo hugandamana na protini ovyo na kuonyesha "kuzuia" kila kitu.

Hatua ya pili ni kalsiamu: seli zenye CCR5 zilizopakwa Fluo-4, rangi inayong'aa kalsiamu ikipanda, kiambata dakika 15 hadi 30, kisha CCL5 kwa kiwango kinachotoa asilimia 80 ya mwitikio. Ukimwaga CCL5 nyingi mno, kizuizi kizuri kitaonekana dhaifu. Ukiona kalsiamu inapanda kabla hujaweka CCL5, kiambata chako kinawasha kipokezi badala ya kukizima.

Mwisho ni kutambaa kwa seli kupitia kichujio chenye matundu ya mikromita 5, kemokini chini, seli juu, nyuzi 37, saa mbili hadi nne. Matundu ya 8 ni makubwa kwa limfosaiti, zitaanguka zenyewe. Jaribu viwango kadhaa vya kemokini, maana mchoro wake hupanda kisha hushuka: ikizidi, seli hupoteza mwelekeo. Ongeza albumini asilimia 0.1, kwa kuwa CCL5 hung'ang'ania plastiki na utadhani imeharibika.

Kupima delta 32 kunahitaji mashine kubwa?

Hapana, PCR ya kawaida (kukuza nakala za DNA) na jeli vinatosha. Kwa praima (vipande vya DNA vya kuanzishia ukuzaji) zinazotumika sana, jeni kamili hutoa kipande cha jozi 189 na delta 32 hutoa cha 157. Tumia agarosi ya asilimia 3, kwa kuwa kwenye asilimia 1 tofauti ya 32 haionekani. Mwenye nakala moja huonyesha mistari miwili, na mara nyingi wa tatu hafifu juu yake, ambao ni nyuzi za aina mbili zilizoungana vibaya wakati wa kupoa. Wanafunzi huuita uchafu na kurudia kazi bure. Uchafu halisi utauona kwenye kishimo cha maji. Weka daima sampuli moja inayojulikana kuwa na delta 32, kwa sababu katika maabara zetu unaweza kupima mamia ya watu bila kuiona hata mara moja, na bila hiyo huwezi kujua kama haipo au umeshindwa kuiona.